Lukresia Bujiku na Cherehani Iliyotangazwa Jumanne

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa hapa Bariadi nanyi mliosafiri kutoka Migato, Binza na Lamadi, familia imenituma niwasomee safari ya mama yetu, dada yetu na mwalimu wetu, Lukresia Bujiku Mashimba, na naomba tuisikilize kwa utulivu, kwa kuwa mwenyewe hakuipitia kwa utulivu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 katika kijiji cha Migato, ambacho leo kiko wilaya ya Itilima na enzi hizo kilihesabiwa mkoa wa Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bujiku Mashimba, mkulima wa pamba na mfugaji, na tangu utotoni alijulikana kuwa mtu wa wasiwasi, kwani ndama akichelewa kurudi zizini alishindwa kula, na mvua ikichelewa aliwauliza wakubwa maswali ambayo wao wenyewe walikuwa wakiyakwepa.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari jijini Mwanza hadi 1989, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mkoani Shinyanga, akahitimu mwaka 1992, na mwezi Januari 1993 akapangiwa kufundisha Maswa mjini, alikopanga chumba kata ya Binza, mlango wa pili kutoka kwa fundi cherehani aitwaye Esteria. Huyo Esteria ndiye aliyemfundisha kushona mablanketi ya viraka, yaani kuunganisha vipande vinavyobaki kwa mafundi, kuvijaza pamba iliyochambuliwa kwa mkono, na kuvishonea juu kwa mistari ili pamba isikimbilie upande mmoja, na wakawa marafiki wa kuazimana chumvi na siri. Mwaka 2002 marehemu alihamishiwa Lamadi, na mwaka 2010 akaletwa hapa Bariadi, alikofundisha stadi za kazi hadi maradhi yalipomzuia.

Tarehe 23 Septemba 1995 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Rogasian, bwana shamba aliyetoka Rombo, ambaye ukoo wake ulipotajiwa mahari uliuliza ng'ombe wote hao watalala wapi, ukajibiwa na upande wetu kwamba hilo si swali la mwoaji, na Mungu akawajalia watoto watatu, Anjela mwaka 1997, Constantine mwaka 2000 na Josia mwaka 2004.

Tarehe 5 Januari 2018 marehemu alianzisha kundi la WhatsApp la washonaji wa mablanketi hayo, akaliita Viraka vya Simiyu, na kwa kuwa kundi la kwanza alilowahi kujiunga, kule Lamadi, lilikufa mbele ya macho yake, likizibwa na wauza dagaa, wakopeshaji na dawa za kupunguza tumbo mpaka mtu akitafuta picha ya mshono haioni, aliweka kanuni, kwamba matangazo ya biashara ni Jumamosi tu, picha moja bila kurudia, na kwamba siasa, mpira na meseji za kutisha watu kwamba usiposambaza utapata mkosi havina nafasi, na maongezi mengine yote yahamie kundi la pili lililoitwa Kibarazani. Wanachama walimtania, "Mwalimu, hata kucheka tuombe ruhusa?" naye akajibu, "Cheka, ila nenda ukachekee Kibarazani." Utani aliupokea, lakini hofu haikumtoka, na mumewe anashuhudia kwamba mezani alishika kijiko mkono mmoja na simu mkono wa pili, akiogopa kwamba tangazo moja likiachwa, kesho yatakuja kumi, na keshokutwa wanawake wale watatawanyika wasionane tena.

Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2021 Esteria aliandika kundini, "Wapendwa, nauza cherehani yangu, bado nzima, mwenye kuhitaji anipigie," na marehemu, aliyekwisha kuwatoa wengine kwa kosa dogo kuliko hilo, na aliyeogopa kuambiwa kwamba anambeba rafiki yake, alilifuta tangazo na kumtoa Esteria kabla kengele ya mapumziko haijalia shuleni kwake.

Waombolezaji wenzangu mliotoka Migato mnajua kwamba kwetu mtu mwenye shida haendi kwa jirani akisema nisaidie, bali humswaga ng'ombe wa maziwa kuelekea mnadani, akipita katikati ya kijiji mchana kweupe, na jirani akimwona haulizi bei, anauliza nani anaumwa. Esteria alikuwa akifanya hivyo hivyo, kwa sababu mumewe, Marcelo, alikuwa amegongwa na pikipiki na alihitaji kupasuliwa mguu, na ilipofika Ijumaa ndipo mwanachama mmoja wa Maswa, Bi. Judica, alipompigia marehemu kumweleza, wakati cherehani imekwisha kuondoka na mnunuzi asiyefahamika.

Marcelo alipona, anachechemea, lakini marehemu hakupona jeraha la Jumanne ile. Alipiga simu, haikupokelewa, alituma ujumbe, haukujibiwa, na tarehe 18 Desemba 2021 alikwenda Binza mwenyewe, akabisha hodi kwenye mlango uliofungwa huku akisikia redio ndani, akarudi. Familia haikusimama hapa kusema nani alikosea, kwa kuwa kanuni ile iliwaweka pamoja wanawake wengi waliomo katika maombolezo haya, na mwanamke aliyefukuzwa mbele ya watu huku akiuguza mume naye ana haki ya kufunga mlango wake.

Mwezi Machi 2024 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa hapa na baadaye katika hospitali ya rufaa jijini Mwanza, na kila alipozinduka swali lake la kwanza halikuwa juu ya dawa, bali, "Anjela, Esteria amesema nini?" Tarehe 2 Septemba alimwamuru Anjela aandike kundini kanuni ya mwisho, kwamba mtu asitolewe kabla hajapigiwa simu na kuulizwa kuna nini nyumbani.

Tarehe 28 Septemba Esteria alifika hapa Bariadi, hospitalini alikorudishwa marehemu, akaingia chumbani akimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," na marehemu alipohangaika kuinuka akamzuia, "Lala, usijifanye mwenyeji." Marehemu alisema kwa sauti ndogo, "Lakini ulitangaza Jumanne," na Esteria akamjibu, "Mtoto wa Migato mzima, unaona mtu anaswaga ng'ombe wa maziwa, wewe unamwuliza leo siku gani?" Walicheka mpaka muuguzi akachungulia, kisha wakalia, na Esteria akamwosha miguu na kumpaka mafuta, lakini marehemu alipomwomba akubali kurudishwa kundini, Esteria alikunja kitambaa taratibu, akasema, "Kwako nimekuja. Kule bado."

Neno hilo marehemu alilishika kwa matumaini na kwa hofu, akauliza habari zake kila siku, na Alhamisi ya tarehe 17 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, alifariki dunia kabla hajapata jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mwanza kwa uvumilivu wao kwa mgonjwa aliyeuliza maswali mengi, inawashukuru majirani waliolala nasi, walimu wenzake, wanafunzi, na wanachama wa Viraka vya Simiyu waliokuja na mablanketi waliyokalia akina mama tangu juzi. Inamshukuru pia Bi. Esteria, ambaye yuko hapa upande wa akina mama, na tunawaomba, mkitoka kumzika mwenzenu, asiwepo wa kumkimbilia na simu mkononi kumrudisha kundini, mwacheni aje kwa siku yake, au asije, ila anayekaa jirani naye amjulie hali.

Mama Anjela, umeulizia vya kutosha. Pumzika kwa amani, wasiwasi tuachie sisi.