Penalti ya Lukmani Kule Newala

Benchi letu lipo ubavuni mwa ghala la korosho, hapa Mkuti, Masasi. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na haujaibwa kwa sababu hakuna mwizi anayeutaka. Nauza kahawa hapo tangu mume wangu afe akaniachia dele na vikombe kumi na viwili. Vimebaki saba, maana wanaume wakibishana hugonga. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikafukuze nguruwe shambani, lakini masikio hayahitaji cheti. Jumapili hii walikuja watatu, mapema. Redio, anayesema bila kuwashwa. Mizani, mpima korosho wa chama cha msingi. Na Mwalimu Mudathiri, kocha wa raga, ule mpira wenye umbo la yai wanaougombea kama mbwa na mfupa. Jana timu yake ilipanda Newala ikafungwa kumi na mbili kwa kumi. Aliyepiga penalti ya mwisho, ikaenda kombo, ni Lukmani, mjukuu wangu, niliyemlea mimi.

— Shikamoo bibi, akasema Redio, na kabla sijaitikia alishamgeukia kocha. Mwalimu, jana umetuua.

— Marahaba, nikasema. Kunywa kwanza, maiti hawanywi.

Mwalimu alikuwa na daftari lake la semina ya ukocha mapajani. Macho mekundu, hakulala huyo.

— Haya, niambieni nyinyi, akasema. Zimebaki dakika mbili. Tumeachwa pointi mbili. Refa anatupa penalti, mbele kabisa ya milingoti. Ukiupiga ukapita juu ya ule mti uliolala katikati yake, pointi tatu, umeshinda. Mngefanya nini?

— Nisingepiga, akasema Mizani. Ningewaambia wasukumane mpaka mstarini, wauweke mpira chini. Hiyo ni trai, pointi tano. Tano na tatu zipi nyingi? Haba na haba hujaza kibaba!

— Methali yako inamtetea mwenzio, nikamwambia. Haba ni hizo tatu.

— Bibi, wewe mimina.

Redio akatikisa kichwa kama daktari.

— Kosa si penalti. Kosa ni kura. Mlipopewa kuchagua upande mkataka upepo uwe mgongoni kipindi cha kwanza. Nani asiyeijua Newala? Saa nane upepo umelala, saa kumi unapanda kutoka bonde la Ruvuma unang'oa mabati. Mkacheza kipindi cha pili na upepo mdomoni. Mpanda ngazi hushuka.

— Kweli, akasema Mizani. Tumepanda Newala, tumeshuka.

— Upepo hauhusiki, akasema Mwalimu polepole. Lukmani hakuupiga golini. Aliweka mpira, akarudi nyuma hatua tano kama kawaida yake, akaupiga kwa wale akina mama wauza mihogo. Ubavuni kabisa. Halafu akainua mkono juu, kama amefunga.

Walicheka. Mwalimu hakucheka, nami nilikuwa napuliza mkaa.

— Basi kalogwa, akasema Redio. Na mpira walileta wao. Nani aliuona ulikolala usiku wa kuamkia mechi?

— Uchawi gani, akasema Mizani. Kauza mechi! Kaoa wapi? Kitangari. Kitangari wilaya gani? Newala. Miezi mitatu tu ya ndoa, kapanda kule kukutana na shemeji zake, unategemea nini? Damu nzito kuliko maji.

— Wakwe hawana damu naye, nikasema. Na maji yenyewe kule wanapanga foleni. Wamemnunua kwa nini, kwa ndoo?

— Bibi unamtetea mjukuu.

— Nauliza tu. Mnaanzia kwenye penalti kama watu waliochelewa msibani. Kabla ya penalti kulikuwa na nini?

Hapo Mwalimu akalifunga daftari.

— Wana mchezaji mmoja mbeba magunia, bonge la mtu. Alimkumba Lukmani, akaenda naye chini. Kichwa kilitangulia. Uwanja ule mgumu, bibi, nilisikia mlio nikiwa nje ya mstari. Ndiyo maana refa akatoa penalti. Akalala kidogo, akaamka. Nikaingia, nikamuuliza: Lukmani, unaweza? Akasema: naweza.

— Ulimuuliza mbele ya nani?

— Mbele ya timu nzima.

— Na semina yako ilisemaje?

Akaligeuzageuza daftari mapajani.

— Ilisema aliyegongwa kichwa atolewe, asiulizwe. Najua, bibi. Niliandika mwenyewe humu. Lakini mchezaji wa akiba aliyebaki ni Yassini, na Yassini hata kopo hapigi likaenda alikotaka. Pointi mbili. Dakika mbili. Watu wote wananitazama mimi.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Redio.

— Kilichogongwa ni kichwa, nikamwambia.

— Hapo ndipo mimi sikubali! Redio akasimama. Mimi na Lukmani tumelala jandoni pamoja. Kisu kilipopita sisi wote tulilia, ngoma ndizo zilizotusitiri. Yeye kimya! Ngariba mwenyewe aliinama kumtazama kama yu hai. Mtu wa namna hiyo leo apoteze akili kwa kukumbwa na mbeba magunia? Haiwezekani. Kwa hiyo kauza.

— Kauza, akasema Mizani. Mimi napima watu kama napima korosho.

Habari ile ya jandoni ililetwa kwangu mbio siku hiyohiyo. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka, nikachinja jogoo, na mwezi mzima nikapita sokoni kifua mbele kama aliyekatwa ni mimi.

Wakaendelea. Redio akaleta habari kwamba hata refa ana shangazi Newala. Mizani akasema mbeba magunia yule si mtu, ni wawili waliovaa jezi moja. Walikuwa wamefika huko alipotokea Faidha, mke wa Lukmani, kanga moja kichwani, ndala za mumewe miguuni. Kila mmoja akashika kikombe chake.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu kaamkaje?

— Amelala. Jana walipita naye zahanati. Mganga akaniambia nimwangalie, kichwa kikimzidi nimpeleke hospitali, nisingoje. Usiku kucha namuuliza, anasema hajambo. Asubuhi nimemwamsha, akasema hajambo, akalala tena. Nimemwamsha tena sasa hivi, kasema hivyohivyo, macho hayajafunguka vizuri.

Akawatazama mmoja mmoja. Hana ukali, msichana huyu. Alikuwa anauliza njia.

— Mimi nina miezi mitatu tu naye. Nyinyi mmekua naye. Akiumwa, huwa anasemaje?

Mizani akawa anatazama ndani ya kikombe kisichokuwa na kitu. Mwalimu alijishika kichwa kwa mikono miwili.

— Redio, si mmelala jandoni pamoja? nikasema. Mjibu.

— Bibi, mimi... sijawahi kumsikia.

Faidha akanigeukia.

— Bibi, wewe si ndiye uliyemlea?

Ndiyo. Nilimlea mimi. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alianguka kutoka juu ya mkorosho, akaja nyumbani, akala ugali kwa mkono wa kushoto. Nikamgombeza kwa kukosa adabu. Kesho yake akala kwa kushoto, nikamchapa. Siku ya tatu ndipo nikauona mkono wa kulia umevimba kama mhogo.

Sikumsimulia. Nilimwagia makaa maji, na kahawa iliyobaki nikaimwaga mchangani.

— Mwalimu, simamisha bajaji ile. Tumpitie nyumbani, twende hospitali. Nyinyi wawili mtambeba.

— Lakini bibi, akasema Faidha, mwenyewe anasema hajambo.

— Nimesikia. Panda.