Euralie Boyce, Aliyekataa Mumewe Abebeshwe Kosa la Mashine

Marehemu Euralie Ermine Boyce alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951 hapa Speightstown, Barbados, mtoto wa nne wa marehemu Bwana na Bibi Gittens. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa akilia kwa hasira, na hasira ile hakuiacha.

Alisoma shule ya wasichana ya hapa mjini hadi 1965, kisha akafundishwa ushonaji na shangazi yake. Tangu 1972 alishona sare za shule mpaka macho yalipochoka. Wengi mlioketi hapa mmevaa sketi zake, na mnakumbuka pini zilivyowachoma mlipotikisika. "Simama wima, wewe! Napima nguo, sichezi ngoma!"

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Bwana Carlisle Boyce, fundi rangi. Kila alfajiri, kabla ya kazi, walishuka pwani kuoga baharini na wenzao kama desturi yetu ilivyo, maji yakiwafika kifuani, soga zikinoga. Jamani, raha gani ile! Kicheko cha marehemu kilisikika hadi barabarani.

Walipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, watoto wao waliwakodia pikipiki ya majini. Carlisle aliendesha, marehemu kamkumbatia kwa nyuma, kofia ya kanisani kichwani. Ghafla waogeleaji wakaibuka mbele yao. Carlisle akafanya ambalo yeyote angefanya: akaachia mafuta, akageuza usukani. Kumbe mashine ile hugeuzwa na maji yanayosukumwa nyuma. Ukiachia mafuta, usukani unabaki pambo. Onyo halikuandikwa popote. Waogeleaji walipiga mbizi wakanusurika, mashine ikanyoosha hadi ikagonga gati, na nyonga ya marehemu ikavunjika.

Lawama zote zikamwangukia Carlisle. Mama mkwe wake alimwambia palepale hospitalini, "Umenivunjia mwanangu kwa michezo ya watoto!" Tangu siku ile Carlisle akaisusa bahari kabisa.

Ndipo marehemu alipowashtaki watengenezaji wa mashine ile. Walimwahidi fidia nono, mradi akubali kwamba dereva ndiye aliyekosea. "Dereva ana jina," akawaambia, "na analala kitandani kwangu. Nimlaze na kosa lenu?"

Mahakamani wakili wao akamuuliza, "Mama, si mumeo mwenyewe aliyeachia mafuta?"

"Ala! Wewe mwanangu, ukiona mtu mbele yako, unaongeza?"

Watu wakaangua kicheko. Tarehe 3 Juni 2009 jaji aliamua kwamba watengenezaji waliujua udhaifu huo na hawakuwaonya waendeshaji. Habari ya fidia marehemu hakuiulizia. Alimgeukia mumewe tu. "Umesikia, Carlisle? Kesho alfajiri unanipeleka baharini."

Akampeleka, kamshika kiuno asiteleze. Mzee alilia majini mbele ya wenzake wote, na mkewe akamtania, "Basi, bwana, bahari ina chumvi ya kutosha."

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Aliyavumilia matibabu kwa ukali wake uleule, akafariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Machi 2024, mkono wake mkononi mwa Carlisle. Wosia wake ulikuwa mfupi: "Usije ukaisusa tena bahari ukanisingizia mimi." Mzee akaahidi.

Ameacha mume, watoto watatu, Wendell, Sherma na Corliss, wajukuu saba, na dada yake Odessa. Kesho alfajiri Mzee Carlisle atashuka pwani kama alivyoahidi. Wazee wenzake, msimwache asimame majini peke yake, ili Euralie alale kwa amani.