Mzee Breki na Akiba Iliyoshuka

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia lifti za hospitali hii, fundi mkuu wetu anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye ratiba ya sherehe, lakini hakuna anayelitumia. Kwetu sisi wa karakana, kwa wauguzi na kwa wasafishaji, yeye ni Mzee Breki. Nimeagizwa niandike habari zake kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa yaliyotokea mwezi wa nne yameniacha mdomo wazi mpaka leo.

Aliajiriwa kama msaidizi wakati jengo lina lifti moja tu, tena ya mlango wa kuvuta kwa mkono. Leo zipo nne, na zote anazitambua kwa sauti. Sheria yake ilikuwa moja, na ametuimbia mpaka tunaiota usingizini: "Ikishuka ovyo, simamisha kwanza, uliza baadaye." Hakujali cheo cha aliyemo ndani. Mganga mkuu aliwahi kukwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, yeye na toroli la chai, kwa sababu Mzee alisikia kamba ya chuma ikikwaruza. Bosi alitolewa amenuna. Kamba ilipokaguliwa, nyuzi zake kadhaa zilikutwa zimekatika, na tangu siku hiyo wawili hao hunywa chai pamoja. Kwa miaka yake yote hakuna mgonjwa aliyeumia ndani ya lifti zetu.

Sasa nije kwenye kilichotushtua. Mbali na pensheni ya kila mwezi, wengi wetu tuna akiba ya hiari ya uzeeni. Kiasi fulani kinakatwa kwenye mshahara, na mwenyewe unachagua kiwekezwe wapi. Mzee alichagua hisa, yaani umiliki mdogo katika kampuni mbalimbali, ambao bei yake hupanda na kushuka. Nia yake haikuwa siri. Mkewe ni fundi cherehani, na Mzee alitaka siku akistaafu, mama huyo naye aache kushonea watu mpaka macho yanamuuma. Alitueleza hivyo karibu kila tulipokaa kula mchana.

Miaka miwili iliyopita bei za hisa ziliporomoka. Mzee alipoona taarifa kwenye simu, alivua glavu, akatoka na ovaroli yake ya grisi hadi ofisi ya mfuko unaotunza akiba hiyo, akaagiza hisa zake zote ziuzwe na fedha ziende kwenye amana ya muda maalumu, ile ya benki ambayo riba yake ni ndogo lakini haitikisiki. Alirudi uso umekunjuka, akatangaza kwamba ameisimamisha kabla haijafika chini. Karakana nzima ilimpigia makofi.

Mwezi wa nne ikaja semina ya wanaokaribia kustaafu. Mkufunzi, dada mpole mwenye sauti ndogo, alieleza kwamba bei ikishuka, hasara inakuwa bado ya makadirio. Inageuka hasara kamili pale unapouza. Akaeleza na riba ya mkusanyiko, kwamba faida ukiiacha ndani nayo huzaa faida. Kisha akatuonyesha mchoro wa bei za hisa zile zile. Zilikuwa zimepanda mpaka kupita pale zilipoanzia kuanguka. Akaonya kwamba si kila mara hupanda, na ndiyo maana anayekaribia kustaafu hupunguza hisa mapema, kidogo kidogo, asije akauza zote siku moja kwa hofu.

Mzee aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu. Hakuhitaji kufafanuliwa: yeye aliteremka ghorofa ya chini kabisa, na lifti ikapanda bila yeye. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona uso umemsawajika. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

Ikambidi aende nyumbani akamwambie mkewe kwamba cherehani haitapumzika. Kesho yake alifika kazini kama mtu aliyepigwa shoti, akajiegemeza kwenye meza ya vifaa na kutusimulia. Mama alimsikiliza hadi mwisho huku anapiga pindo. Halafu akamwambia kwamba yeye ana akiba yake kwenye mfuko wa pamoja, ule ambao watu wengi huchangia na wataalamu huwawekezea. Ameichanga kwa pesa za kushona, miaka nenda miaka rudi, na bei zilipoporomoka aliongeza, kama anavyonunua vitambaa vikishuka bei; sasa imekua kiasi cha kumtosha kuacha kushona. Mzee, macho yamemtoka, akauliza kwa nini hakuambiwa.

"Baba watoto, nakujua wewe," mama alijibu. "Ungeukatia umeme."

Tulicheka mpaka spana zikatudondoka, lakini mshtuko wenyewe haujatutoka. Mzee ndiye kabisa. Kuanzia wiki ile amepita wodi kwa wodi, akiwasihi watu waelewe walichowekeza kabla ya kukigusa. Habari hii nimeiandika kwa ruhusa yake. Alisema nikiificha, kwenye sherehe haji. Cherehani nayo imeshafunikwa. Nilikwenda kuiona kwa macho yangu, maana nilikuwa siamini.

Mzee wetu, asante kwa kila mgonjwa aliyefika salama ghorofa aliyokuwa akienda. Mama, asante kwa kumvumilia. Tunawatakia nyote wawili ustaafu wenye afya na utulivu. Na huko nyumbani, Mzee Breki, kitu kikishuka, uliza kwanza, simamisha baadaye.