Taa ya Kijani ya Frigo

Mu taxi ya kwenda Kasha nilikaa nyuma pamoja na watu wawili, ordinateur moja magotini mwao. Walikuwa wanabishana juu ya programu ya lugha ya C yenye inachunga frigo ya chanjo ya watoto.

"Christophe, tuweke bool, ndiyo ao hapana tu," mwanamuke akasema. "Frigo iko baridi ao haiko baridi. Ukiacha int, yenye inapokea chiffre yoyote, kesho mutu ataandika saba, na hakuna mwenye atajua saba ni nini."

"Na thermomètre ikikatika, Ariane? Inaleta moins un, chini ya zéro, ni kusema haijui. Bool haina nafasi ya sijui. Na kila chiffre yenye haiko zéro, C inaihesabu ndiyo."

"Njo maana taa ya kijani, ya kusema iko baridi, ilikuwa inawaka?"

"Siku tatu. Infirmière wa kituo cha afya alitia mukono ndani, akakuta chanjo iko moto."

"Nani aliandika hii?"

"Mumoja anaitwa Déogratias. Ameandika na hapa: musiguse, nilihakikisha."

Nilihakikisha kweli, kwangu nyumbani, na thermomètre muzima. Nikavuta kofia mpaka puani.

"Basi int," Christophe akasema.

"Bool, na ile sijui tuitafutie nafasi yake. Int njo italeta ba Déogratias wengine."

Chauffeur akapunguza mwendo, akauliza: "Kuna mwenye anashuka hapa?"

Kwetu kulikuwa kungali mbali. Lakini nikijibu, wangegeuka na kuniuliza jina, kwa hiyo sikujibu kitu. Chauffeur, sawa na programu yangu, akahesabu kimya kuwa ndiyo, akasimama.

Nikashuka.