Uso Uliosahau Kununa

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana leo sitaki kupaza sauti. Yule mama wa kitanda cha dirishani aliyejifunika shuka hadi puani mwacheni alivyo. Namjua, amelala macho tu, masikio yake yako kwenye mto wangu tangu jana, na simlaumu, ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Haya ninayosema ni wosia. Muuguzi amekwishanipa kidonge cha kutuliza, amesema kabla hawajaja kunichukua ulimi utakuwa mzito, kwa hiyo msinikatize. Atakayenikatiza namkata kwenye urithi. Na msiutazame uso wangu ili mjue kama natania, uso huu hauna habari na mimi.

Wewe kifungua mimba wangu uliyesimama mlangoni na koti mwilini kama mtu aliyekuja kusoma mita, sikulazimishi kukaa. Jana kwenye korido ulimwambia dada yako, "Mama anataka kufa mrembo, mimi simo." Nilikusikia. Daktari amesema wazi kwamba moyo wangu umechoka, dawa ya usingizi huenda ukaikubali na huenda ukaikataa, nawe umeapa kwamba nikiingia mle chumba cha upasuaji nimeingia bila ridhaa yako. Zamani mzazi ndiye aliyekuwa anamnyima mtoto radhi, dunia imegeuka. Sahihi nimeweka mwenyewe, jina langu najua kuliandika, shule yangu iliishia hapo lakini hapo ilifika. Ninachokitaka kwako si sahihi. Sitaki kusukumwa kupita mlango ule huku mwanangu wa kwanza amenipa mgongo. Nisikilize mpaka mwisho, kisha mgongo au uso utachagua wewe.

Tuanze na mali, maana najua mtu akisikia wosia masikio yake hutangulia kwenye vyumba. Nyumba isiuzwe. Chumba cha mbele, saluni yangu, na viti vyake, na vikaushio, na vile vitana ambavyo hakuna ruhusa ya kuvichemsha kwenye sufuria ya chai, ni vya binti yangu wa kati aliyesimama nami mpaka miguu ikavimba. Ua wa nyuma na vile vyumba viwili ni vyako wewe wa mlangoni, endelea kutengenezea friji zako humo, ingawa mimi naona friji zikija kwako haziji kupona, zinakuja kustaafu. Chumba changu na kabati langu ni vya kitinda mimba. Na ukuta wa katikati asiubomoe mtu, wala asijenge mtu mwingine. Kwa huo uliopo mnasikiana vya kutosha.

Sasa huu uso. Wengine mmeukuta, wengine mlikuwa wadogo, na kila mmoja ana hadithi yake aliyosimuliwa na majirani, kwa hiyo chukueni yangu ambayo ni tamu zaidi na ni ya kweli.

Mnajua kazi yangu. Maisha yangu yote nimesimama nyuma ya vichwa vya watu, mteja amekaa, mimi nimeinama, mbele yetu kioo. Kwa chini nauona uso wa binti wa watu umenyanyuka kama ua lililomwagiwa maji, na juu yake nauona wangu unaning'inia, mashavu yamemwagika, kidevu kimezaa kidevu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba uso wa mtu aliyeinama, hata awe malaika, ni lazima umwagike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walisema, ila walisahau kuongeza kwamba akiinama asijitazame. Basi mteja wangu mmoja, yule mke wa mwenye duka la viatu, ambaye mume wake, aa, hilo tuliache kwanza, akanipeleka kwa bwana mmoja mwenye chumba juu ya duka la miwani. Chumba cheupe, kinanukia manukato ya chooni, ukutani picha za wanawake ambao nadhani hata ngazi zile hawakuwahi kuzipanda. Akanilaza, akanichora kwa kalamu, akanishikisha kioo, akaivuta ngozi kwa vidole kuelekea sikioni. "Hivi, mama?" Nikamwambia, "Kaza." Akavuta tena. "Hivi?" "Kaza, baba, usiniogope."

Hapo ndipo nilipojimaliza, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu yeyote ila msusi. Sisi nywele mpya tunazikaza kupita kiasi makusudi. Mteja anatoka macho yamepanda, panja zinamwuma, hata kutafuna hawezi, nasi tunamwambia vumilia, keshokutwa zitalegea zikae mahali pake. Msusi asiyekaza haitwi mpole, anaitwa hajui kazi. Nami nikadhani ngozi nayo ni misuko. Nikaagiza ikazwe kupita nilivyotaka, ili ikilegea ikae nilipotaka. Akakata mbele ya masikio, akavuta, akatupa iliyozidi, akashona. Nikarudi nyumbani nikasubiri ilegee. Baba yenu akanitazama, akasema, "Mke wangu, kumetokea nini, mbona umeshtuka?" Sijashtuka, nikamwambia, ngoja ilegee. Amekufa anangoja.

Watu wanadhani uso ni wa kupendezea. Uso ni wa kusemea, wanangu. Nusu ya umbeya haipiti mdomoni: unasema tu, "Jana nimemwona fulani kwa fulani," kisha unapandisha nyusi, unabetua mdomo upande, na msikilizaji anamalizia mwenyewe, siku ukiitwa kwenye kesi hujasema neno. Mimi tangu siku ile nikawa lazima niseme kila kitu kwa maneno, na maneno yana mashahidi. Wajukuu nikiwakemea wanacheka. Jicho la kushoto halifungi, nalala linaangalia dari, ndiyo maana hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuthubutu kunisengenya nikiwa usingizini.

Hayo yote ningeyabeba mpaka kaburini na bado nikawachekesha watu njiani, kwa sababu mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini akafa mjomba wenu. Kaka yangu wa pekee, na nawaambieni leo jambo alilokuwa akilificha: yeye ndiye aliyenifundisha kusuka, kwa ndevu za mahindi mabichi, tumejificha nyuma ya jiko ili wenzake wasimwone. Siku ya mazishi nilikaa mbele kabisa, ubavuni mwa mkewe. Ndani mimi nalia mpaka mbavu zinaachana, na usoni midomo imepanda, meno yako nje, nyusi zimetulia kama za mtu anayepigwa picha ya harusi. Jicho moja lilikuwa linatoa machozi, lakini jicho lile lilikuwa linatoa machozi hata sokoni kwenye vitunguu vya watu wengine. Wifi yangu akageuka. "Unacheka," akasema, kwa sauti ndogo. "Wifi, unamcheka mume wangu." Nikajaribu kununa. Nilijaribu kununa kwa nguvu zangu zote, nanyi mnajua nikijaribu kinatokea nini, midomo inazidi kwenda masikioni. Akasimama, akanishika mkono mbele za watu, akaniondoa kwenye kile kiti kama mtoto aliyechafua mkeka wa wageni. Sikubisha. Ningebisha kwa uso gani?

Tangu siku hiyo hatujapeana hata salamu. Nimemtumia watu, majibu yake ni yale yale: "Mwambieni niliona kwa macho yangu." Na kweli aliona. Mwongo hakuwa yeye.

Ndipo nikaanza kutafuta wa kuufungua. Wa kwanza akaniambia, "Bibi, kwa umri huo unataka nini tena?" Wa pili hata kalamu hakuishika. Huyu wa tatu, daktari mfupi mwenye vidole vya mtoto, hakusema acha. Akayapapasa makovu mbele ya masikio, akasema chini yake pameshikana kama gundi, atapaachilia, kisha atachukua ngozi kidogo nyuma ya sikio aitie kiraka chini ya jicho lipate kufunga, maana linakauka na mwisho wake ni upofu. Halafu akanitazama vizuri. "Mama," akasema, "uso wa zamani siwezi kukurudishia. Mashavu yatashuka. Mikunjo itarudi, pengine na mingine ambayo hukuwa nayo." Nikamwambia, "Niletee na ya jirani." Akacheka mpaka akatafuta kiti.

Sasa wewe wa mlangoni, niambie, ni mtu gani anayelala chini ya kisu ili aamke amezeeka zaidi, kisha mwanawe akaita huo ni urembo? Urembo ulikuwa ule wa kwanza, na siku ile ulinisindikiza mwenyewe mpaka kwenye ngazi, ukasema, "Mama, utapendeza." Sikulaumu, ulikuwa unampenda mama yako. Lakini leo nakwenda kuufuata uzee wangu uliotupwa kwenye ndoo ya mtu, unanikataza? Najua ningesema ni kwa ajili ya jicho tu, ungekubali asubuhi ile ile, ungebeba na chupa ya chai. Ningeweza kukudanganya. Sikudanganyi. Nataka nikamlilie kaka yangu mbele ya mkewe, nimlilie vibaya, mdomo upinde, pua ivimbe, watoto waogope. Deni hilo si la kurithisha, hamtaweza kulilipa nyinyi. Na moyo wangu, baba, ukiwa umekusudia kusimama utasimama hata nikikaa jikoni kwako namenya viazi. Afadhali unikute njiani nakwenda mahali.

Na wewe kitinda mimba unayejificha nyuma ya dada yako. Pua. Ulidhani sijui? Muuza maua wa pale chini amenisimulia mpaka rangi ya viatu ulivyovaa ulipokwenda kuuliza. Sikukatazi, mimi niliyechonga uso wangu sina ulimi wa kukuzuia, na huenda ukapata mkono mzuri, wapo. Nakuagiza hili tu: kabla hujalala kwenye kitanda cha mtu, kaa na mtu anayekupenda, mnunie, mcheke, mlilie, kisha umwulize ni kitu gani usoni mwako alichokisoma. Ukishakijua, mwambie daktari hicho asikiguse. Na akikuuliza, "Hivi?", funga mdomo, usimwambie akaze.

Binti yangu wa kati, vichwa vya watoto usivikaze, panja zao bado laini. Yule msusi wa ng'ambo ya barabara, yule ninayemwita Chanuo Bovu, uhasama wetu nimeufuta leo. Akija kuazima kikaushio mpe. Ila usimpe kabla hajakueleza habari za yule mwenye duka la viatu, maana yeye anazo zote na mimi nina nusu.

Ah. Ulimi umeanza kunenepa, kama nimeumwa na nyuki. Ngojeni niseme ya mwisho.

Nikifa mle ndani, asilaumiwe daktari, wala asilaumiwe aliyekubali, wala asilaumiwe aliyekataa. Kiti cha mbele akae mke wa mjomba wenu, katikati yenu, akikataa mshikeni mkono kwa adabu mpaka akae, na mumwambie kwamba shangazi wa watoto wake alikwenda kuutafuta uso wa kumlilia mumewe, akafia njiani. Basi, msiongeze chumvi. Chumvi ningeitia mimi kama ningekuwepo.

Nikiamka, mleteni kabla bandeji hazijafunguliwa. Na wa kwenda kumwita uwe wewe, mwanangu wa kwanza, kwa sababu wewe una macho ya mjomba wako na hataweza kukufungia mlango. Akae hapo mlipokaa. Zifunguliwe mbele yake, yeye aone kwanza, kabla yangu mimi. Nikimwambia pole, atajua mwenyewe ni pole ya nani. Akisema nacheka tena... basi, daktari na aanze upya, mimi silegei.

Inamisheni vichwa. Mola awape nyuso zinazosema mliyonayo moyoni, na awape watu wa kuzisoma. Mkigombana, gombaneni mkitazamana. Mkizeeka, mzeeke hadharani. Nyumba ile isikose kelele, wala chai, wala mgeni mwenye habari mpya. Nimewaridhia wote watatu... mkono wangu hauwafikii, lakini uko juu ya vichwa vyenu, hata kile cha... cha mlangoni.

Hao wamekuja. Nasikia magurudumu... Mama wa dirishani, kwaheri, sasa waweza kujifunua, yamekwisha.

Nani huyo ameshika kule miguuni? Naona kivuli tu. Muuguzi, ni nani... Wewe? Na koti umelivua?

Haya.

Mwache, bwana, mwache, usimnyang'anye... mwache asukume yeye, ni mwanangu huyo... Taratibu, baba, hapo pana kizingiti... Hivyo, hivyo... Sukuma, baba.