Shangazi na Chupa Iliyonyamaza

Leo, Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita, inatimia miaka thelathini na mitatu tangu Shangazi aondoke kwao kuja mjini kutafuta kazi, na miaka ishirini na tisa tangu avae kwa mara ya kwanza koti jeupe la maabara ya kiwanda chetu cha rangi. Saa kumi jioni atalivua. Anastaafu akiwa mpimaji mkuu wa viyeyushi, vile vimiminika vya kuyeyushia rangi, na akiwa mtu mwoga kuliko wote tuliowahi kufanya nao kazi. Hilo la pili ndilo tunalomshukuru zaidi.

Jina la Shangazi alipewa na mafundi wa karakana, kwa kuwa alikemea kama shangazi: bila kuomba radhi, na kwa faida yako. Kazi yake ilionekana nyepesi. Kila pipa la kiyeyushi lilipoletwa, alichota kidogo, akakitia kwenye chupa ya kioo yenye tumbo la duara, akakipasha moto polepole na kusoma themometa kilipochemka. Kimiminika safi kina kiwango chake cha kuchemka. Kikiwahi au kikichelewa, kimechanganywa na kitu. Kwa njia hiyo alikataa mapipa mengi, likiwamo moja ambalo dereva aliapa ni safi kama machozi. Lilikuwa na petroli ndani, na lilikuwa likipelekwa kwenye chumba chenye tanuri.

Ndani ya chupa hutiwa kwanza punje za kigae. Vitundu vyake hushika hewa, na humo ndimo mapovu yanamoanzia. Bila kigae, kimiminika kinaweza kupita kiwango chake kikiwa kimetulia tuli, kisha mtikisiko mdogo ukakirusha chote juu kwa mara moja, kwenye jiko la moto. Shangazi aliliogopa jambo hili hata nyumbani kwake. Mkwewe aliwahi kukuta kipande cha kigae ndani ya birika la chai, akaenda kumuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama mama anamroga.

Nasi tulimcheka. Mkemia mwenzake, ambaye tulimwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa akimuuliza, "Shangazi, hata kivuli chako unakipima joto?" Naye alimjibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wewe cheka tu, mwanangu."

Mwaka wake wa kumi na moja hapa, Redio alikuwa akipima toluini, kiyeyushi kinachoshika moto upesi, huku akisimulia harusi ya jirani yake, akasahau kigae. Toluini huchemka kwenye nyuzi mia na kumi na moja hivi. Alipotupa jicho kwenye themometa ilisoma mia na kumi na saba, na ndani ya chupa hapakuwa na povu hata moja. Akafanya kosa ambalo hulifanya anayeijua kazi: alichota punje za kigae ili azidondoshe ndani.

Nilikuwa nafika na toroli la chupa kutoka stoo. Nilimsikia Shangazi akisema, "Acha!" Hakupaza sauti. Punje moja kwenye kimiminika kile ingetosha kukirusha chote juu. Alizima umeme wa jiko kwenye swichi iliyo kando ya mlango, akanionyesha kiganja nisimame. Redio alikuwa upande wa ndani, kwenye kona, na njia pekee ya kutoka ilipita kwenye ubao wa sakafu uliolegea, ule ambao ukiukanyaga meza yote hutikisika. Mlango nao ulikuwa na springi, ukijifunga kwa kishindo. Shangazi angeweza kutoka. Aliuegemea mlango kwa bega akabaki.

"Usisogee," alimwambia. "Nisomee."

"Mia na kumi na sita," Redio alinong'ona, kama anayesoma tangazo la msiba. Kisha, "Shangazi, nina chafya."

"Iweke. Utaipiga kesho."

"Haikubali."

"Bana pua, mwanangu. Bana, nakuomba."

Lori lilipita nje. Kioo cha dirisha kililia. Kimiminika kikatetemeka kidogo, na nikaona bega la Shangazi likitetemeka pamoja nacho. Hakuondoka. Themometa ilishuka nyuzi moja, ikakaa, ikashuka nyingine. Iliposhuka chini ya mia alimruhusu apite. Redio alifika ukumbini, akapiga chafya, na sote watatu tukaruka. Kisha akaketi sakafuni akalia. Siku nzima hakusema neno jingine.

Tangu hapo hakuna awashaye jiko peke yake. Mmoja husema, "Kigae?" Mwenzake huchungulia chupani ndipo ajibu, "Kimo." Utaratibu huo ni wa Shangazi, na humu hajaungua mtu hata mmoja.

Mwezi wa pili mwaka huu aliingia kwa meneja bila kubisha hodi. Asubuhi ile alikuwa amewasha jiko, amepima, ameosha vyombo, ndipo akagundua kwamba moyo wake haukushtuka hata kidogo. Na jana yake pia. "Woga umeniisha," alisema. "Mtu asiyeogopa pale mezani atawaua watoto wa watu." Meneja alimsihi amalize miaka mitatu iliyobaki. Redio, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara, alimuuliza, "Shangazi, nani atakuwa akiogopa kwa niaba yetu?"

"Ogopeni wenyewe. Mmeshakua."

Basi tunaogopa wenyewe. Juzi nilimwona Redio amesimama mbele ya chupa, kiganja kimelowa jasho, akiuliza mara ya pili lile alilokwisha kujibiwa. Shangazi alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Asante, Shangazi, kwa macho yetu na vidole vyetu vyote. Nenda kwa binti yako, ulale mchana, wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Tunakuombea maisha marefu yenye amani.

Wengi wameniuliza kama atakuwa akipita mara mojamoja kutuangalia. Nilimuuliza. Akasema asiyeogopa hana kazi humu. Hatarudi.