Kofia za Bondeni

Mwalimu mstaafu alijifanya anasoma gazeti, lakini masikio yake yote yalikuwa kiti cha mbele. Pale walikaa mama mshona kofia na msimamizi wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watu waliojuana tangu basi lilipoondoka tu.

"Mimi si daktari, baba," mama alisema. "Nawashonea kofia wagonjwa wa saratani walionyonyoka nywele, na nawapelekea mwenyewe hadi mlangoni. Mwaka huu kofia kumi na tisa. Kumi na nne zimeishia bondeni, unakotua moshi wenu."

"Saratani ni ya ukoo, mama yangu."

"Ukoo gani huo? Ni wapangaji, kila mmoja na kwao."

Mwalimu alimpa vema kimoyomoyo. Kazi haiishi kwa kustaafu.

"Nina miaka ishirini pale kiwandani, nami bukheri wa afya," msimamizi alijibu.

"Unalala wapi?"

"Mlimani."

"Basi moshi haukufuati nyumbani."

"Moshi ule haumdhuru mtu," msimamizi alisema, bila hata chembe ya wasiwasi.

Basi likakaribia geti la kiwanda. Abiria wakafunga madirisha kama kila siku, bila kuambiwa. Msimamizi naye akafunga la kwake, kisha akashuka.